Vitabu vya fluti: nunua vichache, printi vingi, na ujue unatafuta nini

Mtu akishapata fluti, hata iwe ya mtumba, swali linalofuata ni moja tu, ninunue kitabu gani, na kabla hajapata jibu ashatumiwa PDF za kujaza simu nzima kwenye grupu la WhatsApp na hakuna hata moja aliyoifungua kupita ukurasa wa tatu. Alafu kila mwaka vinatoka vitabu vipya, majina matamu, picha nzuri juu, na vyote vinaahidi vitakufikisha. Mie msimamo wangu ni huu: kitabu kimoja kwa kila kazi, na kazi zenyewe ni nne tu, yaani sauti, vidole, etudi (vipande vifupi vya mazoezi) na vipande vya kupigia watu. Sehemu kubwa ya hivo unaweza kuipata bure na kwa halali, kwa hivo hela yako iweke kwa kile ambacho bure hakipatikani.

Kabla hujatoa hata shilingi, chukua fluti upige skeli, yaani ngazi ya nota, ya G oktavi mbili, polepole, simu ikirekodi, kisha ujisikilize. Kama upepo unasikika kuliko nota, au nota za chini zinazimika na za juu zinapiga kelele, wewe wataka kitabu cha sauti. Kama sauti ni nzuri lakini vidole vinagombana ukifika F shapu, wataka cha vidole. Kama waweza kupiga nyimbo zote za kanisani kwa masikio lakini ukiwekewa karatasi unaganda, wataka cha kusoma, yaani cha kuanzia, tena chepesi, usijipe ukubwa. Nshaona watu wengi wananunua kitabu cha kile wanachokiweza tayari kwa sababu kinawapa raha, mwaka waisha na wao wako palepale.

Haya, tuanze na wanaoanza. Hapa kwetu wengi wanaingilia fluti kwa milango miwili, ama walipiga rikoda skuli, ama wametoka kwaya na solfa wanaisoma vizuri tu ila ile mistari mitano hawaijui. Mtu wa solfa amefika mbali kuliko anavyodhani, masikio yake yajua mi iko wapi kutoka do, kilichobaki ni macho. Mtu huyu anahitaji kitabu kinachoanza na nota tatu nne za katikati na kinachomwacha apige nyimbo mapema. Beginner's Book for the Flute cha Trevor Wye, sehemu mbili, bado nakiona bora kwa asiye na mwalimu wa kila wiki, kwa sababu kinaeleza, na kina vipande vingi vya watu wawili ndani. Kama unaye mwalimu, au ni mtoto na mzazi anamlipia masomo, basi Flute 101 cha Patricia George na Phyllis Avidan Louke ni cha miaka ya karibuni zaidi na kimepangwa kwa mwanafunzi na mwalimu kupiga pamoja, alafu kina 102 na 103 zinazofuata. Chagua kimoja. Ukivichanganya utajikuta kila siku unaanza upya ukurasa wa kwanza.

Kuna mtego hapa nataka ujihadhari nao. Ukienda mtandaoni kutafuta kitabu cha kujifundishia cha bure utakutana na cha Devienne, mtunzi Mfaransa, cha 1794 na wenzake wa zama hizo, bure kabisa, vinavutia, lakini michoro ya vidole iliyomo ni ya fluti ya mbao ya zamani. Fluti unayopiga wewe mpangilio wake wa vidole unatokana na Theobald Boehm, fundi wa fluti Mjerumani, modeli zake za 1832 na 1847, na ukifuata mchoro wa kabla ya hapo utapotea tu, utadhani fluti imeharibika uipeleke kwa fundi bure. Muziki wa Devienne mtamu sana, upige, ila mchoro wake wa vidole uache.

Jambo jingine la raha kwa mtu wa kwaya: fluti haihamishi nota. Do ya kati iliyoandikwa ndo do hiyohiyo inayotoka kwenye kinanda, kwa hivo kitabu chochote cha nyimbo za ibada chenye nota ushakuwa na kitabu cha mazoezi, chukua mstari wa suprano uupige oktavi moja juu, maana ulivyoandikwa uko chini ambako fluti haisikiki mbele ya waimbaji. Mwenzio wa klarineti au tarumbeta hana bahati hiyo, yeye lazima ahamishe kwanza.

Sasa sauti. Hapa ndo sehemu watu wanairuka na ndo sehemu inayokutofautisha na mtu anayepuliza tu. Kitabu ambacho kila mwalimu wa fluti atakutajia ni De la Sonorité cha Marcel Moyse, Mfaransa, kilitoka 1934. Zoezi lake la kwanza ni jepesi ajabu, waanza na B ya mstari wa kati, washuka nusu toni kwenda B flati, umeunganisha pumzi, bila kubadilisha rangi ya sauti, kisha B flati kwenda A, hivo hivo mpaka chini kabisa. Ushaona? Zoezi hilo ushalipata hapa, unaweza kulianza leo jioni bila kitabu. Lakini kitabu chenyewe chaendelea mbali sana, na ukifika kiwango cha kati ni cha kununua. Kwa sasa kama wataka maelezo yanayoeleweka zaidi, Practice Book namba 1 ya Trevor Wye, ile ya sauti, ndo ningeanza nayo. Mfululizo huo una vitabu sita, cha pili ni vidole, cha tatu ni ulimi, cha nne ni kutuni, cha tano pumzi na skeli, cha sita cha waliobobea, na kuna toleo lililoviunganisha vyote kwa jalada moja. Ukipata nafasi ya kununua kitu kimoja tu maisha yako yote, nunua hilo lililounganishwa, sitanii.

Kwa wanaopenda vitu vipya vipya, The 28 Day Warm Up Book cha Paul Edmund-Davies kinasifiwa na mie nakikubali kwa sababu moja, kinakupa cha kupiga bila kufikiri asubuhi kabla hujaenda kazini. Si lazima uwe nacho. Kina utamu wake tu.

Vidole: hapa hakuna mjadala mrefu. Taffanel na Gaubert, mazoezi 17 ya kila siku, yale makubwa. Taffanel alifariki 1908, Gaubert 1941, kwa hivo ni bure na ntakueleza sheria mbele. Usiprinti yote mara moja. Printi namba 1, ambayo ni nota tano tano kwenda na kurudi zikipanda nusu toni, na printi namba 4, skeli zote kubwa na ndogo. Namba 4 usijaribu kuimaliza siku moja ukaja kulalamika mkono wauma, chukua funguo mbili kwa siku, metronomu (kihesabu mapigo) kwenye simu iwe mapigo 60 kwa dakika, na ukikwama mahali rudi kwenye zile nota nne za hapo tu, usirudie mstari mzima. Nasisitiza hili kwa sababu mtu akikosea huwa anarudi mwanzo wa mstari, kwa hivo mwanzo anaujua kama Fatiha na mwisho haujui kabisa.

Etudi ndo mie napapenda zaidi, maana etudi nzuri ni mazoezi lakini pia ni muziki, waweza kuipiga barazani na mtu asijue kwamba ni zoezi. Ngazi ninayoipendekeza yaenda hivi. Ukishamaliza kitabu cha kuanzia, ingia Gariboldi opus 131 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), etudi ndogo 20, nyepesi, zina melodi. Kisha Ernesto Köhler opus 33, ambayo iko katika vitabu vitatu, cha kwanza etudi 15 rahisi, cha pili 12 za kati, cha tatu 8 ngumu, na ngumu yake ni ngumu kweli. Katikati ya Köhler wa kwanza na wa pili tia Andersen opus 41, etudi 18. Joachim Andersen alikuwa Mdenmaki, alifariki 1909, aliandika etudi nyingi mno, na zile 24 za opus 15 ndo mlima ambao wapiga fluti dunia nzima wanaupanda mpaka leo. Huyu usimwendee mapema. Kuna watu wanaingia opus 15 mwaka wa pili kwa sababu wameona mtu YouTube, matokeo yake wanajifunza kupiga kwa kukaza mdomo, na mdomo ukishazoea kukaza kuulegeza ni kazi ya miaka.

Kama hutaki kupanga mwenyewe, kuna 76 Graded Studies for Flute cha Paul Harris na Sally Adams, vitabu viwili, cha kwanza namba 1 mpaka 54, cha pili 55 mpaka 76. Hao wamechagua kutoka kwa watunzi wengi na wakapanga kwa ugumu, za zamani zimo na za wao wenyewe zimo. Kwa mtoto wa skuli hiki ni rahisi kuliko kumrundikia maprinti. Kwa mtu mzima mwenye subira ya kutafuta, ile ngazi ya bure inatosha kabisa. Na chochote utakachochagua, tafuta zile etudi za mapigo ya sita kwa nane (6/8) uzifanyie kazi kwa bidii, sisi watu wa pwani chakacha iko damuni, mwili ushajua mapigo hayo, ni macho tu yanayachelewesha.

Sasa hii habari ya bure na halali. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kwa hivo Telemann, Gariboldi, Köhler, Andersen, Taffanel, Gaubert, Debussy aliyefariki 1918, hao wote wako huru. Moyse alifariki 1984, bado. Trevor Wye, Harris, George na wengine wa sasa, bado kabisa, na zile PDF zao zinazozunguka ni wizi hata kama aliyekutumia ni shemeji yako. Hao wa huru waingie IMSLP, maktaba ya mtandaoni iliyoanza 2006, andika jina la mtunzi na namba ya opus, utapata skani za matoleo ya zamani. Tovuti ikikwambia subiri sekunde kadhaa kabla ya kudaunlodi, subiri, usibonyeze matangazo ya pembeni. Chunga tu kwamba mtunzi anaweza kuwa huru lakini toleo jipya lenye uhariri wa mtu aliye hai likawa bado lina mwenyewe.

Vipande vya kupigia watu. Tatizo letu hapa si vipande, ni mpiga kinanda. Mtu anayeweza kukaa chini akakusindikiza sonata nzima ni wa kutafuta kwa tochi, na huyo mmoja kanisa limeshamshika kila Jumapili. Kwa hivo ushauri wangu, anza na muziki wa fluti peke yake. Telemann ana Fantasia 12 za fluti bila kusindikizwa, bure, fupi fupi, na ndani yake unasikia kama kuna watu wawili wanajibizana. Anza na ya 2, A mdogo, au ya 6, D mdogo. Ukiziweza, iko Partita ya Bach ya A mdogo, BWV 1013 (namba yake kwenye orodha ya kazi za Bach), ambayo mwendo wake wa kwanza hauna pa kuvuta pumzi, mwenyewe utaamua wapi uibe. Na Syrinx ya Debussy, 1913, ni fupi na nota zake si za kutisha, lakini kuipiga vizuri kunataka sauti iliyopikwa, ndo maana nimekwambia urudi kwa Moyse.

La pili, tafuta mwenzio mpige wawili. Köhler opus 55 ina dueti (vipande vya watu wawili) 40 zinazopanda ngazi, vitabu viwili. Kuhlau ana dueti nzito zaidi za waliokomaa. Mkiwa wawili Jumamosi, mmoja katoka Likoni kavuka feri, mwengine katoka Bamburi, saa moja tu ya dueti itawafunza kutuni na kuhesabu kuliko wiki nzima ya kujifungia chumbani, maana peke yako hujui kama unakimbia.

Vipya vya kweli, yaani vya watunzi wa zama zetu, hapo ndo pa kutoa hela. Ian Clarke wa Uingereza ni wa kwanza kwenye orodha yangu. Ana Orange Dawn, ya fluti na kinanda, ambayo chanzo chake ni taswira ya alfajiri kwenye Bonde la Ufa huku kwetu Afrika Mashariki, sasa kama kuna mtu ana haki ya kuipiga ni sisi. Ana pia The Great Train Race, fluti peke yake, ndani yake unapuliza, unaimba ukipuliza, unatoa sauti mbili kwa mpigo, mpaka hadhira inaona treni yaja, peleka hiyo kwenye hafla yoyote Miritini uone. Valerie Coleman wa Marekani ana Fanmi Imèn, fluti na kinanda, iliyotokana na shairi la Maya Angelou kuhusu familia ya binadamu, ngumu lakini ina mdundo. Na kwa kijana anayetaka kujaribu hizo sauti za ajabu ajabu kabla hajamwendea Clarke, Wil Offermans ana For the Younger Flutist, kinaanza taratibu.

Kuhusu taarab, sijaona kitabu cha maana cha kukuelekeza, na kusema kweli sioni haja ya kungoja. Tuna nai, filimbi ya mwanzi, kwenye taarab, Wadigo wana chivoti ya matundu sita inayopigwa kwa upande kama fluti yetu, kwa hivo masikio yapo. Pakua MuseScore, programu ya bure ya kuandikia nota, sikiliza wimbo mstari kwa mstari, andika ile sehemu ya fidla, na popote inaposhuka chini ya do ya kati ipandishe oktavi, maana fidla ina nyuzi za chini ambazo fluti haifiki. Zile robo toni (nusu ya nusu toni) za rasti na bayati, makamu za Kiarabu, utazipata kwa kuzungusha fluti kidogo kuelekea mdomoni, sauti yashuka, na mwenye fluti ya vitundu vilivyo wazi anaweza pia kufunika kitundu nusu. Programu yenyewe ina alama za robo toni. Anza na kibwagizo tu, usijitie kuandika wimbo wa dakika kumi na tano.

Wa mitihani sasa, haraka haraka. ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina gredi kuanzia ile ya awali mpaka ya 8, na tangu 2020 kuna mtihani wa kurekodi video, vipande vinne mfululizo, unatuma ukiwa nyumbani. Kabla ya kununua kitabu chochote chenye neno gredi juu yake, fungua silabasi inayotumika sasa, iko mtandaoni bure, kwa sababu vitabu vya silabasi zilizopita bado vinauzwa madukani na muuzaji hatakwambia. Ukitaka gredi ya 6 kwenda juu, kumbuka kuna sharti la kufaulu gredi ya 5 kwanza, ya nadharia au mojawapo ya mitihani mingine wanayoikubali. Na kwa mtoto anayeingia tamasha la muziki la skuli, subiri silabasi ya mwaka huo, usimnunulie kitu kwa kubahatisha.

Kuprinti saiba nako kuna namna yake. Vitabu vya zamani vilikuwa vikubwa kuliko A4, kwa hivo mwambie kijana wa saiba ajaze ukurasa wote, asiache kingo nyeupe, laa sivyo nota zatoka kama mchwa. Skani ikiwa ya kijivu, mwambie aprinti nyeusi na nyeupe tupu, wino hautafifia na hela itapungua. Etudi ya kurasa mbili printi upande mmoja mmoja uzigandishe na selotepu zikae mbele yako pamoja. Baindi kwa spairo, si kwa steplaa, kitabu kilale bapa kwenye stendi. Na kwa sababu hakuna mtu anafanya mazoezi Mombasa bila feni, nunua vibanio vya nguo, viwili chini viwili juu. Karatasi zikae kwenye folda ya plastiki, huu unyevu wa baharini unazikunja, na kile kitambaa cha kufutia fluti usikirudishe ndani ya kasha kikiwa kimelowa, pedi zitaoza.

Ukiamua kuagiza kitabu chenyewe, iwe kwa duka la Nairobi likutumie kwa basi au kwa duka la nje, usimpe muuzaji jina peke yake. Mpe namba, vitabu vina ISBN, na machapisho ya nota mara nyingi yana ISMN, tarakimu 13 zinazoanza na 979-0. Kisha uliza mambo matatu kwa ujumbe ili yabaki kwenye maandishi: ni ya fluti ya kawaida au ya rikoda, sehemu ya kinanda imo au yauzwa mbali, na kama kina sauti za kusindikiza, je zaja kwa CD au kwa kodi ya kudaunlodi, maana CD saa hizi utaitia wapi.